Mwaka wa msingi wa sayansi na uhandisi: sijagusa hesabu kwa miaka 9, nianzie wapi?

Penseli_HB

Habari zenu wakuu.

Nina miaka 27. Nimepata nafasi ya kusoma uhandisi chuo kikuu, ila siingii mwaka wa kwanza moja kwa moja. Naanza na mwaka wa msingi wa sayansi na uhandisi, kwa sababu sekondari nilichukua historia, lugha na jiografia. Fizikia niliiacha mapema na hesabu sijaigusa kwa miaka 9. Zimebaki wiki 7 masomo yaanze.

Masomo tuliyotumiwa ni hisabati kozi mbili, fizikia kozi mbili (makanika kwanza, kisha umeme na mawimbi), kemia ya utangulizi, maabara pamoja na uandishi wa ripoti, na programu za kompyuta kidogo. Juzi nilifungua mtihani wa mfano wa hisabati. Una maswali 10. Nilielewa swali la kwanza tu, na hilo nalo nilipoangalia majibu nikakuta nimekosa. Usiku huo sikulala vizuri.

Naomba mnisaidie haya. Hivi mwaka huu unamfikisha kweli mtu kama mimi kwenye uhandisi, au unamchelewesha tu kabla ya kumwambia hawezi? Kwa wiki hizi 7, nisome nini? Nimeanza kutazama video za kalkulasi, naelewa mwalimu akifanya, nikifunga video siwezi. Na alama za mwaka huu zinaingia kwenye shahada?

Nimeacha kazi kwa ajili ya hili. Nitashukuru kwa jibu la mtu aliyepita njia hii mwenyewe.

Mkondo_Mnyoofu

Karibu sana. Nijibu hilo la mwisho, wengine watakuja na mengine.

Kwa kawaida alama za mwaka wa msingi haziingii kwenye daraja la shahada. Kazi yake ni kukuvusha. Uingereza, kwa mfano, mwaka huu wanauhesabu kuwa ngazi ya 3, na mwaka wa kwanza wa shahada ndio ngazi ya 4, kwa hiyo wengi wanauita mwaka sifuri. Lakini usitafsiri hiyo kuwa "alama si kitu". Kufaulu mwaka ni jambo moja, na kuruhusiwa kuingia kozi unayoitaka ni jambo lingine. Kozi nyingi za uhandisi zinadai alama ya juu zaidi ya ile ya kufaulu, hasa kwenye hisabati. Soma kanuni za chuo chako, na kama hazieleweki waandikie barua pepe uulize mambo matatu: ni alama gani inanivusha kwenda kozi yangu, nikianguka somo moja naruhusiwa kurudia mtihani mara ngapi, na je, nafasi ya mwaka wa kwanza ninayo tayari au nitaiomba upya. Jibu lao litunze.

Koili_na_Sumaku

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Nilianza mwaka wa msingi nikiwa na miaka 31, baada ya kuwaindi mota kwenye karakana kwa miaka 8. Sasa niko mwaka wa mwisho wa uhandisi wa umeme. Nitaandika kwa urefu kidogo, maana wakati wangu nilimtafuta mtu wa kunieleza haya nikamkosa.

Acha video za kalkulasi. Najua zinavutia, kwa sababu kalkulasi ndiyo inaonekana kama mlango wenyewe. Lakini ngoja nikueleze kilichonipata.

Jaribio langu la kwanza la hisabati, wiki ya 4, nilipata 34 kati ya 100. Nikajua kalkulasi imenishinda. Nikapeleka karatasi kwa mkufunzi nikamwomba anifundishe upya kutofautisha, ile hesabu ya kwanza ya kalkulasi. Alichukua kalamu ya kijani akazungushia kila mahali nilipopoteza alama, kisha akanirudishia karatasi akasema nihesabu mwenyewe miduara imeangukia wapi. Ilikuwa 17. Miwili tu ndiyo ilikuwa ya kalkulasi. Iliyobaki ilikuwa kwenye sehemu, kwenye alama ya kutoa iliyokaa mbele ya mabano, na kwenye vipeo. Kanuni ya kutofautisha nilikuwa naijua na niliitumia sawasawa, ila mstari uliofuata, ule wa kusafisha jibu, ndio uliokuwa unaniangusha swali baada ya swali.

Duara moja silisahau. Swali lilikuwa la rezista mbili zilizounganishwa sambamba, moja omu 6, nyingine omu 3. Unatumia 1/R = 1/6 + 1/3. Mimi nilijumlisha namba za chini nikapata 1/9, nikaandika R = 9. Mkufunzi akaniuliza, "Wewe si umefanya kazi ya mota? Ukiongeza njia ya pili sambamba na ya kwanza, ukinzani unapanda au unashuka?" Nikajibu hapohapo kwamba unashuka, umeme umepata pa kupita pawili. Akasema, "Sasa 9 imetoka wapi, wakati rezista kubwa kuliko zote hapo ni 6?"

Jibu ni 2. Unaibadilisha 1/3 iwe 2/6, unajumlisha unapata 3/6, yaani nusu, na ukiipindua unapata omu 2. Nilitulia kwenye kiti kwa muda. Mikono yangu ilikuwa inajua jibu hilo kwa miaka 8, na karatasi yangu ilikuwa inasema kitu kingine kabisa, na mimi sikuwa nimewahi kuvikutanisha hivyo viwili. Tangu siku hiyo sifungi swali kabla sijajiuliza kama jibu linawezekana. Ni tabia ndogo na inakula sekunde 10, lakini ndiyo iliyonipeleka mbele kuliko kitabu chochote.

Kwa hiyo wiki zako 7 zigawe hivi. Kila asubuhi, kabla hujagusa simu, dakika 30 za aljebra kwa kalamu, bila kikokotoo: sehemu zenye herufi juu na chini, kufungua mabano, kutoa kigawo cha pamoja, vipeo hasi na vipeo vya sehemu, vipeuo, milinganyo ya kwadratiki, na zaidi ya yote kuipanga fomula upya ili herufi unayoitaka ibaki peke yake upande mmoja. Hilo la mwisho utalifanya kila siku ya maisha yako ya uhandisi. Fanya maswali 10 yanayofanana, kesho 10 mengine, mpaka mkono uende bila kukuuliza. Ulisema video ikiisha huwezi. Kutazama mtu akihesabu hakukupi mkono wa kuhesabu, kama vile kunitazama nikizungusha waya kwenye stata hakutakufanya uirudishe mota kazini.

Zikibaki wiki 2, ongeza trigonometria na radiani, yaani kipimo kingine cha pembe badala ya digrii. Na kabla ya kila jaribio andika sin 30 kwenye kikokotoo chako. Ikitoka 0.5 iko kwenye digrii. Ikitoka −0.988 iko kwenye radiani. Nimeona watu wenye akili kuliko mimi wakipoteza nusu ya karatasi kwa sababu hawakufanya hivyo. Ukifika kwenye kalkulasi, radiani ndiyo lugha yake, kwa hiyo zizoee mapema.

Fizikia: chora kwanza. Kabla ya fomula yoyote, chora kitu chenyewe na mishale ya kani zote zinazokigusa. Boksi likikaa kwenye mteremko wa pembe fulani, kila mwaka kuna wanaobishana kama kani inayolivuta kushuka ni mg sin au mg cos ya pembe hiyo (mg ni uzito wa boksi). Usikariri. Jiulize, mteremko ukilala ukawa sakafu, pembe ikawa 0, boksi linavutwa kwenda upande? Halivutwi. Sin 0 ni 0, cos 0 ni 1. Basi ni sin. Unaona ni tabia ileile ya rezista.

Kemia ilikuwa nyepesi kwangu, sina mengi ya kusema. Elewa moli vizuri na mengine yatafuata. Programu walitufundisha kwa Python, na kwa kuwa kila mtu alikuwa anaanza sifuri, hakuna aliyeachwa.

Maabara ndiyo nataka nikae nayo kidogo, kwa sababu watu huidharau na ndiyo inayokufanya uwe mhandisi.

Jaribio letu la pili lilikuwa la kutafuta moduli ya Young ya waya wa shaba, yaani kipimo cha jinsi waya unavyokataa kuvutika. Unauning'iniza waya, unaongeza mizigo, unapima unavyorefuka. Mimi na mwenzangu tulitumia karibu nusu saa kupima urefu wa waya. Mita 2 kamili, tukarudia mara 5, tukawa na uhakika mpaka milimita 1. Halafu kipenyo tukakipima mara moja tu kwa mikromita, chombo cha kupima unene mdogo, tukasoma milimita 0.40, tukaendelea. Hesabu ikatoka gigapaskali 107. Majedwali yanaweka shaba kati ya 110 na 130 hivi. Tukaandika kwenye ripoti kwamba pengine waya haukuwa shaba safi.

Ripoti ilirudi na swali moja la wino mwekundu: "Mikromita ilisoma ngapi ilipokuwa imefungwa tupu?" Hatukujua. Tukarudi maabara tukaifunga. Ilisoma 0.02. Yaani kipenyo chetu kilikuwa 0.38, si 0.40. Milimita 0.02 inaonekana si kitu, lakini kipenyo kinaingia kwenye hesabu kikiwa kimezidishwa kwa chenyewe, na (0.40 ÷ 0.38) ukiizidisha kwa yenyewe unapata 1.108. Kosa la asilimia 5 limekuwa la asilimia karibu 11. Tuliporekebisha, 107 ikawa 119, na shaba ikawa shaba. Tena hata bila kosa hilo, mikromita ile inasoma mpaka milimita 0.01, na 0.01 juu ya 0.38 ni asilimia 2.6, na kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe kosa hilo linakuwa kama asilimia 5. Kosa la urefu tuliouhangaikia nusu saa lilikuwa asilimia 0.05. Tulikuwa tumeuweka uangalifu wetu wote mahali ambapo haukuhitajika. Tuliusingizia waya, na waya haukuwa na kosa lolote.

Kuhusu kama mwaka huu unakuchelewesha: wenzangu walioingia mwaka wa kwanza moja kwa moja wakitoka sekondari walikuwa wepesi kuliko mimi kwenye intigrali, hilo sitakuficha, na wiki za mwanzo nilikuwa nawakimbilia. Lakini maabara walikuwa wanatutafuta sisi tulioanza mwaka wa msingi, kwa sababu tulishakosea mapema, wakati kukosea hakuingii kwenye daraja la shahada.

Majaribio yangu yaliyofuata yalikuwa 61, kisha 78. Nakutajia 34 yangu kwa sababu utakapopata yako, na huenda ukaipata, uende nayo kwa mkufunzi siku hiyohiyo.

Njia_ya_Mkato

Nitatofautiana kidogo na dada hapo juu, kwa heshima. Mimi niliwahi kusoma fizikia na hesabu sekondari, alama ndizo hazikutosha. Mwaka wa msingi kwangu nusu yake ilikuwa marudio, nikazoea kutofika darasani, na zilipoanza mada mpya muhula wa pili nilikuwa nimeshapoteza tabia ya kusoma. Nilivuka kwa shida. Kwa mtu kama mimi nadhani ilikuwa afadhali kurudia mitihani ya sekondari. Kwa Penseli_HB hali ni nyingine, yeye anahitaji mwaka wote. Ila nikuonye kitu kimoja: ukikutana na wiki rahisi, usiichukue kuwa likizo.

Ubao_Mweusi

Nimefundisha hisabati ya mwaka wa msingi kwa muda mrefu, kwa hiyo naongea kutoka upande wa pili wa meza. Alichosema Koili_na_Sumaku kuhusu aljebra ningekisaini bila kubadilisha neno. Karatasi nyingi ninazosahihisha, mwanafunzi anajua mada mpya na anaangushwa na mada ya zamani.

Njia_ya_Mkato naye amegusa jambo la kweli. Katika darasa langu wiki ngumu huwa ya 6 au ya 7. Msisimko wa mwanzo umekwisha, majaribio ya kwanza yamerudi, na viti vinaanza kubaki wazi. Anayekaa nyuma akielewa nusu yuko salama kuliko aliyebaki nyumbani akipanga kujisomea mwishoni mwa juma. Kwenye mifumo inayohesabu krediti 120 kwa mwaka, kila krediti ni saa 10 za kazi, yaani saa 1,200. Zigawe kwa wiki 30 utaona ni saa 40 kwa wiki, na darasani hukai hata nusu ya hizo. Ipange kama kazi uliyoiacha: saa ya kuanza, saa ya kumaliza.

Naongeza kitu ambacho hakijatajwa: andika vizio (kilo, lita, mita) kwenye kila mstari wa hesabu, usiviweke mwishoni tu. Wiki ya pili huwa nawapa wanafunzi swali hili, nalo lilitokea kweli. Mwaka 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilikuwa inahitaji kilo 22,300 za mafuta kwa safari yake. Vipima mafuta vilikuwa havifanyi kazi, kwa hiyo walipima matangi kwa kijiti na kupata lita 7,682. Wakazidisha kwa 1.77, wakapata 13,597, wakaziita kilo. Wakatoa kwenye 22,300, wakagawanya tena kwa 1.77, na ndege ikaongezwa lita 4,917.

Nawaambia wanafunzi: andikeni vizio vya ile 1.77. Ni paundi kwa lita. Ukizidisha lita kwa paundi kwa lita, lita zinakatana na kinachobaki ni paundi, hakuna njia nyingine. Kwa kilo walitakiwa kutumia takriban 0.80. Lita 7,682 zilikuwa kama kilo 6,150 tu, na kilichohitajika kuongezwa kilikuwa zaidi ya lita 20,000. Injini zote mbili zilizimika angani. Rubani aliiongoza ndege hiyo kubwa ikielea kama karatasi mpaka akaitua kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi la anga huko Gimli, Kanada, na wote waliokuwemo wakatoka hai. Kuzidisha kwao hakukuwa na kosa lolote. Kila tarakimu ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni vizio baada ya namba.

Kwa hiyo ukimwona mkufunzi wako anakata alama kwa kukosa vizio, usidhani ni ukali.

Penseli_HB

Nimesoma yote taratibu, nimeandika pembeni. Asanteni sana. Dada Koili, hiyo ya rezista nimeifanya mwenyewe kabla sijasoma jibu na mimi pia nikaandika 9. Kwa hiyo nimejua pa kuanzia.

Mwalimu Ubao_Mweusi, shikamoo. Nimeirudia ile hesabu ya ndege kwa kalamu na vizio kila mstari, nikaona kweli lita zinakatana.

Swali moja. Logarithimu nimezikuta kwenye orodha na hizo hata sekondari sikuzielewa. Zina kazi gani hasa? Nikijua kitu kina kazi gani nakishika vizuri zaidi.

Koili_na_Sumaku

Chukua kapasita, ileile inayokaa kwenye mota ya feni, ila ya thamani nyingine. Ijaze umeme kisha iache imwage kupitia rezista. Volteji haishuki kwa hatua sawa. Mwanzoni inashuka haraka, halafu inazidi kuwa taratibu. Ukizidisha ukinzani kwa uwezo wa kapasita unapata muda, kwa sekunde. Rezista ya kiloomu 100 na kapasita ya maikrofaradi 470 zinakupa sekunde 47. Kila zikipita sekunde 47, volteji inabaki asilimia kama 37 ya ilivyokuwa. Volti 12 inakuwa 4.4, halafu 1.6, halafu 0.6.

Ukichora volteji dhidi ya muda unapata mstari uliopinda, na mstari uliopinda huwezi kuukagua kwa rula. Chukua logarithimu asilia ya kila volteji uchore hiyo badala yake, unapata mstari ulionyooka, na mteremko wake ni −1/47. Nukta iliyopotoka unaiona papo hapo. Kwangu mimi logarithimu ni chombo cha kunyoosha, na nilipoziona hivyo zikaacha kunitisha.

Lakini hilo ni la baadaye. Wiki hii fanya jambo moja. Timazi ni uzi na kitu kizito. Muda wa mzunguko mmoja, kwenda na kurudi, ni T = 2π√(L/g), L ikiwa urefu na g mchapuko wa mvutano wa dunia. Panga fomula upya g ibaki peke yake. Kisha tafuta uzi na nati, pima, uniletee g. Bembea iwe ndogo.

Penseli_HB

Nimerudi baada ya siku 3. Kupanga fomula kulinichukua jioni nzima. Nilikwama kwenye kipeuo mpaka nikakumbuka nizidishe pande zote mbili kwa zenyewe. Nimepata g = 4π²L/T².

Uzi mita 0.745. Mzunguko mmoja kwa saa ya simu ni sekunde 1.6. Hesabu inaleta 11.5, na nimesoma kwamba inatakiwa iwe karibu na 9.8. Nimerudia kuhesabu mara 4, hesabu iko sawa. Nimejiuliza kama jibu linawezekana, kama ulivyosema, na naona haliwezekani. Sijui kosa liko wapi.

Koili_na_Sumaku

Fomula uliyoipata ni sahihi kabisa. Nimefurahi sana.

Sasa itazame: ni herufi gani imezidishwa kwa yenyewe?

Penseli_HB

T. Kama kipenyo cha waya wenu.

Kidole changu kinachelewa kubonyeza, na mzunguko wenyewe ni mfupi. Nimehesabu mizunguko 20 kwa mpigo mmoja: sekunde 34.8. Nikigawanya ni 1.74. Sasa g ni 9.71 mita kwa sekunde kwa sekunde.

Koili_na_Sumaku

Hapo sasa. Na urefu uliupima kutoka kwenye fundo la juu mpaka wapi?

Penseli_HB

Mpaka uzi unapoishia, juu ya nati.

Ooh. Uzito uko katikati ya nati.

Nimepima tena, naongeza milimita 6. L ni 0.751. Imekuja 9.79.

Koili_na_Sumaku

Vizuri. Kabla hujaiandika, kidole chako kinaweza kukosea kama sekunde 0.2 kwa zile 34.8. Hiyo ni asilimia ngapi, na T ikizidishwa kwa yenyewe kosa linakuwa asilimia ngapi?

Penseli_HB

0.6. Ikiingia mara mbili, karibu 1.2. Asilimia 1.2 ya 9.79 ni kama 0.12.

Kwa hiyo ile 9 ya mwisho sina haki nayo. Na hata 9.71 ilikuwa ndani ya mpaka, ila ya sasa nimeipima mahali panapostahili.

Naandika: g = 9.8 ± 0.1 m/s².